Kosa la rubani, na chanja zetu za dagaa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya anga na ziwa

Waheshimiwa mlioshika dhamana ya usafiri wa anga, viwanja vya ndege, uvuvi na uokoaji ziwani,

Shikamooni. Walio wadogo kwangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mwanamke wa dagaa. Huu ni mwaka wa 22 nanunua dagaa wabichi kwa matajiri wa mitumbwi, nawaanika kwenye chanja, yaani vichanja vya miti na nyavu, nawapeleka Kirumba Mwaloni kuuza. Mwalo wetu, pale mitumbwi inapofikia, uko mkoa huuhuu wa Mwanza, na ubavuni mwake kuna kiwanja kidogo cha ndege, cha majani. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenye kiwanja ni mtu anayetufaa wakati wa misiba na sitaki abebeshwe mzigo huu peke yake. Ninyi mnakijua. Hata ndege yenyewe mnaijua: ile ya injini moja iliyokuja na watu wanne asubuhi moja mwanzoni mwa masika, ikapitiliza mwisho wa kiwanja, ikapasua chanja zetu na kwenda kulala chali kwenye matete.

Hakufa mtu. Nadhani ndiyo maana jambo lilikwisha haraka. Maofisa walikuja kesho yake, wakapiga picha, wakavuta utepe kutoka alama za magurudumu hadi majini, na kabla jua halijazama jibu lilikuwa limeshafika kwenye kilabu cha kahawa: kosa la rubani. Mabaki yakapakiwa kwenye lori. Mwenyekiti wa kijiji akaambiwa awatulize watu. Tukatulia. Sisi wanawake tulioruka kando ndege ikipita hakuna aliyetuuliza chochote.

Naanza kwa kukubaliana nanyi. Ni kosa la rubani kweli, na mimi nililiona likitendeka.

Usiku ule mvua ilikuwa imepiga na radi, kama inavyopenda kupiga ziwani usiku. Mitumbwi ilirudi alfajiri, na ilipofika saa moja dagaa walikuwa chanjani. Saa mbili hivi tukasikia ndege. Ilitokea upande wa kilima, ikielekea ziwani, na upepo ulikuwa unatoka hukohuko kilimani. Moshi wa jiko la mama wa chai ulikuwa umelala kuelekea majini, wala huhitaji kipimo kuliona hilo. Ndege ikaja na upepo mgongoni. Ilipofika juu ya majani haikutaka kushuka. Ikaelea, ikaelea, kama mfuko wa rambo wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku. Iligusa chini ikiwa imeshayapita mawe ya chokaa yanayoonyesha katikati ya kiwanja. Majani yalikuwa yamelowa. Magurudumu yalifunga, nikaona matope yakiruka, lakini ndege haikupunguza mwendo. Tukatupa mabeseni. Mwenzetu mmoja alimvuta mwanawe kwa mguu kutoka chini ya chanja alikokuwa amelazwa kwenye khanga.

Injini haikunguruma tena, na mimi nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Rubani akiona ametua mbali anapaswa kuongeza moto mapema, apae, azunguke na kuja upya. Hakuna aibu katika kuzunguka. Yule kijana hakuzunguka.

Nina mpwa anayesomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Nilimpigia nikitaka anieleze jinsi upepo ule mdogo, ambao kwenye kamba ungetosha kupeperusha khanga tu, ulivyoweza kuishinda ndege nzima yenye breki. Akaniambia, "Shangazi, shika kalamu." Ndege ndogo inataka kama kilometa 110 kwa saa hewani ili iguse ardhi vizuri. Upepo wa kilometa 20 ukiipiga usoni, magurudumu yanagusa ardhi kwa mwendo wa 90. Upepo uleule ukiisukuma mgongoni, yanagusa kwa 130. Nikamwambia tofauti ni 40 tu. Akacheka. Kazi ya breki, akasema, haipandi kama mwendo unavyopanda, inapanda kama mwendo mara mwendo. 90 mara 90 ni 8,100. 130 mara 130 ni 16,900. Yaani kuisimamisha ndege ileile, kwenye majani yaleyale, kazi inakuwa zaidi ya mara mbili, na hapo hujaweka utelezi. Halafu akaongeza kwamba ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo ndege inakimbia ardhini kuliko kipimo cha mbele ya rubani kinavyosema.

Basi kosa tumelipata, na hesabu yake tunayo. Swali langu kwenu ni hili: kwa nini alitua kutoka upande ule?

Nitawajibu mimi, kwa sababu jibu liko chanjani kwangu.

Mtoto wa mwaloni hujifunza upepo kabla ya kujifunza kusoma. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji yanabaki na joto lake, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda mambo hugeuka, nchi kavu inachemka na upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Mgeuko huo kwa kawaida tunauona kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ndege nyingi zinazokuja kiwanjani kwetu huja mchana. Hizo hutokea kilimani kuelekea ziwani, zinakutana na upepo usoni, zinatua vizuri na kusimama hata nusu ya kiwanja hazijafika. Marubani wote tunaowaona hutua hivyo. Imekuwa desturi, kama njia ya ng'ombe. Ila saa mbili asubuhi desturi hiyo ni mtego, kwa sababu upepo bado ni wa usiku. Rubani wa saa mbili alitakiwa atokee ziwani.

Na akitokea ziwani anakutana na sisi.

Kati ya mwisho wa kiwanja na maji ndipo tunapoanika. Ndege inayotaka kugusa mapema ikitokea ziwani lazima ipite chini kabisa juu ya chanja. Chanja zenyewe ni nguzo za miti zinazofika kiunoni, nyingine kifuani. Juu ya chanja kuna mwewe, yangeyange na wale korongo wakubwa wenye upara, wote wanasubiri mkono wa mtu ulegee. Rubani gani atapitisha ndege ya injini moja katikati ya ndege hai mia mbili? Mimi nisingepitisha. Kwa hiyo kijana alikuwa na njia mbili, moja ina upepo mbaya na nyingine ina korongo, akachagua upepo. Alichagua vibaya. Lakini alichagulishwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala, na kwa siku hizo chanja zinabaki tupu, korongo wanahamia kwingine. Mkaguzi akija wakati wa mbalamwezi ataona ufukwe mtulivu na miti michache, ataandika kwamba hakuna tatizo. Aje wakati wa giza.

Sasa niwaambie chanja zilifikaje pale. Zamani tulianika mchangani, huko pembeni. Wakaja maofisa uvuvi wakatuhimiza tuache mchanga tujenge chanja, dagaa wawe safi na bei ipande. Ushauri mzuri, na bei kweli ilipanda, sina ugomvi nao. Tukatafuta pahali penye upepo na jua, pasipo na miti wala nyumba. Pahali pa namna hiyo ni mahali pamoja tu: mbele ya kiwanja cha ndege, ambapo miti ilikatwa kwa ajili ya ndege. Aliyetushauri hakuuliza nguzo tutazichimbia wapi. Aliyekuja kukagua kiwanja alizikuta nguzo, akala dagaa wa kukaanga tuliomkaribisha, akaondoka. Wa uvuvi hakumwambia wa anga, wa anga hakumwambia wa uvuvi, na sisi tuliokuwa katikati hatukujua kwamba kuna cha kuambiana.

Kile kifuko cha kitambaa kinachoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo kilichanika tangu vuli ya mwaka jana. Kimebaki kipande kama leso. Mlinzi wa kiwanja anasema alitoa taarifa. Simlaumu, mshahara wake wenyewe huja ukiwa umechanika. Lakini rubani anayetazama chini kutoka juu ya kilima hakuwa na cha kumwonyesha upepo ila moshi wa mama wa chai, na sidhani kama wanafundishwa kusoma moshi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Waheshimiwa, hata hiki kilichozama kimeundwa. Ameunda rubani, ameunda mwenye kiwanja, mmeunda ninyi, na mimi nimechimbia nguzo nne kwa mikono yangu.

Mpwa wangu ameniambia kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina kanuni za uchunguzi wa ajali, zinaitwa Kiambatisho cha 13, na nchi yetu ni mwanachama. Humo imeandikwa kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Taarifa ya mwisho inatakiwa itaje chanzo pamoja na mambo yaliyochangia, na itolewe hadharani, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Nikamuuliza kama kuna lolote la haraka zaidi. Akasema ipo taarifa ya awali ya siku 30, ila kwa kawaida hiyo inazibana ndege zenye uzito unaozidi kilo 2,250, na ndege ndogo kama ile ya kwetu haifiki huko. Nikaelewa kwa nini tulimalizwa kwa jioni moja. Ndege ndogo hupenya kwenye kanuni kama dagaa anavyopita kwenye nyavu ya sangara.

Msiniambie kwamba uchunguzi wa kina ni kazi ya mataifa makubwa. Tarehe 28 Septemba 2018 ndege ya abiria ya shirika la Papua New Guinea, Boeing 737, ilitua majini kabla ya kuufikia uwanja wa Chuuk, visiwa vya Micronesia. Ilikuwa na watu 47. Wenyeji waliwafuata kwa boti zao ndogo, aliyekufa ni mtu mmoja tu. Wachunguzi wa Papua New Guinea, nchi ambayo si tajiri, walitoa taarifa kamili kabla ya miezi 12 kutimia. Ilikuwa kosa la marubani, hawakuficha: mashine ya onyo iliwapigia kelele mara 13 na wao wakaendelea kushuka. Lakini hawakuishia hapo. Waliuliza kwa nini watu wawili wenye akili timamu hawaisikii kelele inayolia mara 13, wakaeleza jinsi akili inavyong'ang'ania kutua mpaka masikio yanaziba. Nilipoambiwa hayo nilimkumbuka kijana wetu ambaye hakuongeza moto. Pengine naye masikio yaliziba. Pengine kulikuwa na mkubwa amekaa nyuma anaangalia saa. Aliulizwa hilo kabla jua halijazama?

Nije kwenye uokoaji, na hapa nina deni la kukiri.

Waliofika kwanza ni wavuvi waliokuwa wanashona nyavu. Ndege ilikuwa chali, maji yakikaribia vichwa vya abiria, wananing'inia kwenye mikanda vichwa vikiwa chini, petroli inanuka. Vijana waliingia bila kuulizana. Mikanda wakaikata kwa visu vya kuparia samaki. Abiria wa nyuma, mama mmoja wa makamo, mkanda wake ulipokatwa aliangukia shingo. Siku zile zote hospitalini alilazwa kwa ajili ya shingo ile. Ajali haikumgusa, tulimwangusha sisi. Baadaye nikaambiwa kwamba mtu aliyening'inia hukamatwa kwanza mabega, akabebwa uzito wake, ndipo mkanda unakatwa. Maneno ya dakika moja! Hakuna aliyewahi kutuambia, na sisi ndio tunaofika kwanza kila mara.

Kila mara, narudia. Tarehe 6 Novemba 2022, pale Bukoba, ndege ya abiria 39 na wahudumu na marubani 4 iliposhukia ziwani, waliotangulia kufika ni wavuvi wa mitumbwi. Watu 24 walitoka hai, 19 tukawazika. Kijana mvuvi alisifiwa nchi nzima na akapewa ajira ya zimamoto, jambo jema kabisa. Lakini kumwajiri mmoja hakukuwafundisha wale wengine waliobaki mwaloni. Kabla ya hapo tulizamiwa na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ambayo wengi wetu tunaoishi huku tuna kaburi lake. Sina haja ya kuwasimulia hizo.

Mkitaka kujua nataka nini, si vigumu. Nataka taarifa ya ajali ile iandikwe yote, kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa mwaloni, na jina la kijana lisiwemo. Kanuni zenyewe, mpwa wangu anasema, hazina haja na jina. Nataka wa uvuvi na wa anga waje siku moja, kwa gari moja, wasimame pamoja mbele ya zile nguzo. Mkisema tuhamishe chanja tutahamisha, lakini mtuonyeshe pa kuhamia penye jua na upepo, maana sitahamia chini ya miembe nikaanike ukungu. Kifuko cha upepo kishoneni wiki hii. Hata fundi cherehani wetu anaweza, kitambaa cha rangi ya chungwa kipo sokoni, ni aibu kuliandikia barua ya wazi jambo la mita tatu za kitambaa. Na mlinzi apewe vocha ya simu ili rubani wa asubuhi amuulize upepo uko wapi. Kuhusu mikanda, mleteni mtu wa zimamoto kwa nusu siku tu. Vijana watakuja, tutawapikia.

Kuhusu dagaa wangu, ndoo sita zilipondwapondwa pamoja na nyavu za kuanikia. Mwenye kiwanja ameshanilipa. Naliandika hilo ili asije mtu akasema ni mwanamke mwenye kinyongo cha ndoo sita.

Yule rubani sijamwona tena. Nasikia ameachishwa. Amekuja rubani mwingine, kijana pia, mchangamfu, anatusalimia kwa kupunga mkono. Juzi nilimwona akitua mchana akitokea kilimani, upepo usoni, vizuri kabisa. Mlinzi anasema ratiba imebadilika na kuanzia wiki ijayo atakuwa anakuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Wiki ijayo giza linaanza. Chanja tumezijenga upya palepale.

Ni mimi,
mwanika dagaa wa mwaloni,
Mkoa wa Mwanza